Dakika Tatu za Kwarara

Kendi alikuwa amebakiwa na asubuhi moja tu. Mwisho wa kupeleka filamu za mashindano kwenye maktaba ya mtaa ulikuwa saa sita mchana, na sharti lilikuwa moja: dakika tatu mfululizo, bila kukatwa, za kiumbe wa porini anayeishi karibu na nyumbani kwa mpiga picha. Mwaka jana alichelewa. Mwaka juzi hakuthubutu.

Alimchagua kwarara mweupe, ndege anayedharauliwa na Sydney nzima kwa kushinda kwenye mapipa ya taka. Lakini katika miaka tisa ya kukatiza mtaa wa Granville kwenda kuhudumia wazee, Kendi alikuwa amemwona akiwa na shughuli nyingine. Maji yakipwa katika Mto Duck, kwarara huingia kwenye tope la mikoko, hudokoa kaa, kisha hunyoosha mabawa. Na chini ya bawa kuna mstari wa ngozi tupu, mwekundu kama kovu jipya. Watu hawaujui. Alitaka waujue.

Siku kumi alijaribu. Mara ahamishe stendi ya simu, mara achuchumae, mara asimame, ndege akaruka. Na hata alipojikaza akatulia, saa kumi na mbili na dakika kumi simu iliita, filamu ikakatika. Alikuwa mama yake kutoka Nkubu, ambako ilikuwa saa nne usiku. Mama hana simu. Husubiri Mwiti, mdogo wake Kendi, arudi kutoka dukani na yake, wala halali kabla ya kuomba na bintiye. Mwezi Septemba Kendi aliizima simu yake siku moja tu. Alipoiwasha wakati wa chai, alikuta ujumbe wa jamaa kumi na wanne, na mchungaji alikuwa ameshaanza mfungo.

Jana, wakitandika vitanda vya wazee, alimweleza mwenzake Marie-Jeanne, mama yake Gloire, kutoka Bukavu.

"Mama apige kwangu," Marie-Jeanne alisema. "Mimi nitaomba naye."

"Lakini ukae mbali, Mama Gloire. Na uombe polepole."

"Weye! Ndege ya pipa ndiyo itaogopa Mungu?"

Sasa Kendi alikuwa ameketi juu ya kreti, simu ikirekodi. Kwarara alishuka topeni. Nyuma ya Kendi, kwenye uzio, simu ya Marie-Jeanne iliita; Mwiti alikuwa ametumiwa namba hiyo, lakini mama hakuelezwa.

"Wewe ni nani? Kendi yuko wapi?" Sauti ya mama ilivuka mikoko.

"Iko hapa, mama. Anapiga ndege picha."

"Asubuhi hii? Wamemfukuza kazi?"

Kendi alitaka kuinuka, amjibu mwenyewe. Alitaka pia kusogeza stendi kidogo kushoto. Alishika kreti kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Tuombe."

Mama aliomba kwa nguvu, kama mtu anayejua Australia ni mbali. Aliomba mwanawe alindwe na barabara, na mabosi, na ndege wa nchi hiyo. Dakika ya pili ikapita.

"Aminaaa!" Marie-Jeanne aliitikia.

Kwarara aliinua kichwa. Kendi hakupumua. Ndege akafungua mabawa yote mawili, mstari mwekundu ukaonekana wazi kwenye jua, akayakunja, akarudi kwa kaa wake.

Dakika tatu na sekunde kumi na moja.

Kwenye mapumziko ya chai kazini, Kendi alisikiliza filamu, kisikilizi kimoja sikioni. Maombi yalisikika yote, na ile amina, kisha mabawa. Sauti ingeweza kufutwa. Aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa, akakiweka tena. Kengele ya mzee wa chumba cha nne ikalia. Akaipeleka filamu maktabani na sauti yake, kisha akamtumia Mwiti: "Muonyeshe mama. Sijafukuzwa."

Nkubu ilikuwa saa nane usiku, wote wamelala. Alijua. Hata hivyo, kutoka jikoni hadi chumba cha nne, alitoa simu mfukoni mara tatu.