Kwa nini Komeo ameiita mbovu filamu iliyowachekesha wote

Saa nane kasorobo mchana. Mwanamke mmoja anauvuta mlango wa chuma hadi mwisho, anausukuma urudi, kisha anauvuta tena. Anafanya hivyo mara nne kabla mteja wa kwanza hajafika. Anasikiliza bawaba. Anainama kuangalia kama kuna kokoto kwenye kizingiti.

"Kama ni kukwama, ukwame sasa," anauambia mlango.

Ana miaka thelathini na minne, na huu ni mwaka wake wa sita akilinda mlango wa ukumbi wa video ulioko nyuma ya soko. Wateja wengi hawalijui jina lake. Wanamwita Komeo, kwa sababu akishafunga huingii hata ukimlilia.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la mbao. Kuta ni za matofali na paa ni la mabati. Madirisha manne yaliyokuwepo yalizibwa ili mwanga usiharibu picha. Ukuta wa mbele umepakwa rangi nyeupe, na hiyo ndiyo skrini. Kuna mabenchi kumi na manne, projekta moja, spika mbili, na mlango mmoja.

Filamu ikianza, mlango huo hufungwa kwa kufuli kutoka ndani. Usipofungwa, watu husubiri mlinzi ageuze shingo, wakajipenyeza gizani bila kulipa. Kazi ya Komeo ni kupokea tiketi, kufunga, kisha kukaa juu ya kigoda chake mgongo ukiwa umeegemea chuma, funguo shingoni, akiangalia filamu pamoja na wengine.

Ameangalia nyingi. Mwaka huu pekee ni mia moja sitini na tatu, kwa mujibu wa daftari lake. Mwaka unapokaribia kuisha, huchukua kalenda ya zamani, akaandika nyuma yake filamu tatu bora na tatu mbovu, akaibandika nje ya mlango.

Orodha hiyo ina uzito wake. Filamu inayoongoza upande wa bora hurudiwa Jumapili ya mwisho ya mwaka. Inayoongoza upande wa mbovu hairudi tena ukumbini humo.

"Watu hubishana mpaka wanataka kushikana mashati," anasema mmiliki wa ukumbi, ambaye ni mume wa dada yake mkubwa. "Lakini wanamwamini. Shemeji yangu haangalii sura ya mwigizaji. Ovyo ni ovyo."

Mwaka huu ubishi umekuwa wa aina nyingine.

Mbovu ya tatu ni ya jambazi anayepigwa risasi saba na bado anapata nafasi ya kumwimbia mchumba wake. Mbovu ya pili ni ya nyoka mkubwa aliyevamia hoteli. "Nyoka anavutwa kwa kamba, na kamba tunaiona," anaeleza Komeo. "Mwanangu ana miaka tisa. Aliiona kabla yangu." Kwa hizo mbili hakuna aliyemlaumu.

Mbovu ya kwanza ndiyo iliyozua maneno. Ni ya vichekesho, ile ya mabwana harusi wawili waliofika kwa wakati mmoja kumchukua bibi harusi mmoja. Hakuna filamu iliyojaza ukumbi kama hiyo mwaka mzima.

"Huyu dada ana lake jambo," anasema kinyozi mwenye banda jirani, mteja wa kila Jumapili. "Tumecheka mpaka mbavu zinauma, yeye anasema mbovu. Na bora ya kwanza ni ipi? Ya bibi kizee anayeinua na kushusha kizuizi cha reli. Saa mbili nzima. Mimi nilitoka, nikaenda kunyoa watu wawili, nikarudi. Bado anainua."

Komeo anamsikia. Anaendelea kufuta kigoda chake.

"Ile ya reli walibaki watu tisa," anasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Kwa watu tisa sikuona haja ya kufunga. Mlango ulikuwa wazi mwanzo mpaka mwisho, upepo unaingia. Niliiangalia vizuri kweli."

Ili kuelewa anapima filamu kwa kipimo gani, inabidi kurudi Jumapili moja ya mwezi wa nane.

Siku hiyo waliingia watu mia moja thelathini na mmoja. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa sakafuni kwenye njia ya katikati. Binti yake alikuwa benchi la kwanza kabisa, chini ya skrini, mahali anapopapenda. Komeo alifunga kufuli, akakaa.

Filamu ilipofika pale mabwana harusi wote wawili wanapojificha kwenye kabati moja, ukumbi ulikuwa unatikisika kwa vicheko. Ndipo akasikia harufu ya plastiki.

"Nilijinusa nguo kwanza," anasema. "Nikasema labda ni mimi, nimegusa jiko asubuhi. Kisha nikaona moshi unapita mbele ya taa ya projekta. Watu bado wanacheka. Nikawa naogopa kusema, maana ningesema na si kweli, ningekuwa nimewaharibia."

Hakuwahi kuamua. Mtu mwingine alilitaja neno lenyewe, moto, na ukumbi mzima ukainuka.

Waya wa umeme uliopitishwa chini ya zulia ulikuwa umeungua. Fundi wa projekta alizima umeme wote, akaanza kukanyaga zulia gizani. Lakini watu walikuwa wameshageukia mlangoni.

Komeo alifungua kufuli. Anakumbuka kulisikia likianguka. Kisha akavuta mlango, nao haukuja, kwa kuwa unafungukia ndani na ndani kulikuwa kumejaa watu wanaousukuma.

"Nilikuwa nimebandikwa kwenye chuma kama karatasi," anasema. "Nawaambia rudini hatua moja tu, moja tu. Hakuna anayerudi. Aliye nyuma yangu naye anasukumwa. Kifua hakipandi. Nikawa namwita mwanangu, na sauti haitoki."

Ilichukua dakika mbili, pengine tatu. Fundi aliuzima moto kwa miguu yake. Moshi ulipopungua, mgandamizo ulilegea, mlango ukafunguka kiasi cha mkono, kisha kiasi cha mtu. Mwanamke mmoja alizimia, akapepewa nje, akazinduka. Viatu kumi na viwili vilibaki sakafuni, na hakuna jozi hata moja iliyokuwa kamili.

Komeo alipita katikati ya watu akielekea mbele. Binti yake alikuwa bado amekaa benchi la kwanza, mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa nakusubiri uje, mama," akamwambia.

Yangeishia hapo, anasema Komeo, huenda angeshasahau. Lakini baada ya nusu saa waya mwingine uliletwa. Watu waliokuwa nje walikuwa wameanza kutaniana, kila mmoja akimwigiza mwenzake alivyokimbia. Wakataka filamu iendelee. Wakarudi ndani, safari hii wakiwa wengi zaidi, kwa sababu waliokuwa sokoni walikuja kuuliza kulikoni na wakakata tiketi.

"Shemeji akaniambia, haya, funga. Nikafunga," anasema. Anatazama viganja vyake. "Sikulazimishwa. Nilifunga tena, kwa mkono huu huu. Mwanangu akiwa ndani."

Tangu siku hiyo hajaona filamu, ila ile ya reli. Yupo ukumbini, macho yako mbele, lakini anahesabu vichwa. Ananusa. Mtu akikohoa, anageuka. Spika ikikoroma, anasimama. Kwenye daftari lake, filamu nyingine zote baada ya mwezi wa nane zina tarehe na idadi ya watu, basi.

Hata choo cha sokoni hawezi kukifunga. "Mwanangu anasimama nje anaimba, ili watu wajue kuna mtu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Komeo mzima, naogopa komeo la choo."

Alhamisi iliyopita alimwambia shemeji yake kwamba hatafunga tena.

Mmiliki hakulichukua kwa ubaya, lakini hakukubali. Anasema aliwahi kujaribu mlango wazi kwa wiki moja, na karibu nusu ya waliokuwa ndani hawakuwa na tiketi. "Waya nimebadilisha. Kizimamoto nimeuliza bei. Nifanye nini tena?" anauliza. "Ukumbi ukifa, yeye atakula wapi? Mimi na dada yake tutakula wapi?"

Isitoshe, wateja walikuwa wamemwomba, kinyozi akiwa mstari wa mbele, aiweke orodha kando na kurudia filamu ya mabwana harusi. Akakubali. Akamtaka Komeo amrudishie funguo. Angefunga mwenyewe Jumapili, na Jumatatu angetafuta mtu mwingine wa kukaa mlangoni.

Kazi hiyo ndiyo inayomlipia Komeo kodi ya chumba na ada ya binti. Hana nyingine. Leo, Jumapili ya mwisho ya mwaka, shingo yake iko tupu, lakini amekuja.

"Ningekaa nyumbani ningefanya nini?" anasema. "Ningekuwa nasikiliza tu."

Saa nane na nusu foleni imefika kwenye meza za wauza nguo. Komeo anapokea tiketi, anachana. Hamwambii mtu akae wapi. Watu wanaingia, na kuna jambo unaliona ukisimama naye hapo kwa muda.

Wanajaza nyuma.

Zamani, anasema fundi wa projekta, watu waligombania mabenchi ya mbele. Sasa benchi la kumi na nne linajaa kwanza, kisha la kumi na tatu, kisha la kumi na mbili. Wanaochelewa ndio wanaopelekwa mbele, nao wanakwenda wakigeuka kutazama nyuma. Kinyozi amefika mapema kuliko wote. Amekaa mwisho wa benchi la mwisho, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Mbona huko nyuma, kaka?" mwenzake anamtania kutoka katikati. "Wewe si ndiye uliyekuwa unasema unataka kuona mpaka meno ya bwana harusi?"

"Macho yangu yanaona mbali," anajibu kinyozi.

Watu wanacheka, lakini si sana.

Saa tisa kamili wako mia moja na arobaini. Mmiliki anakuja na kufuli mkononi. Taa zinazimwa. Komeo amesimama kando ya mlango, mgongo ukutani, na midomo yake inasogea. Anahesabu.

Mmiliki anausukuma mlango hadi mwisho. Chuma kinagonga chuma. Ukumbi wote unanyamaza, hata muziki wa mwanzo wa filamu unasikika kama unatoka mbali.

"Bosi," anasema mtu gizani. "Acha wazi."

Ni kinyozi.

"Wazi vipi? Mwanga utaingia."

"Acha uingie."

"Watu watapenya bure."

"Nitawakamata mimi. Nimekaa hapa hapa. Acha wazi, bosi. Sote humu tumelipa."

Mmiliki anabaki na kufuli mkononi. Sauti ya mwanamke kutoka benchi la tatu inasema yeye pia anaomba hivyo hivyo. Kisha mzee mmoja. Kisha hawahesabiki tena.

"Leo tu," anasema mmiliki, na kuuvuta mlango.

Picha inafifia kwenye ukuta. Uso wa bibi harusi unakuwa mweupe kama chokaa, na pale kwenye kabati huoni nani ni nani. Watu wanacheka palepale walipocheka mwezi wa nane, kwa sauti ndogo zaidi. Watu wanne wanajipenyeza. Kinyozi anawakamata wawili. Komeo anakaa kwenye kizingiti, mguu mmoja nje, uso ukiwa umeelekea kwa watu.

Filamu inapoisha, mia moja arobaini na wawili wanatoka ndani ya dakika tano, bila kusukumana. Amewahesabu.

Kuhusu Jumatatu, shemeji yake anasema tu kwamba atalala alifikirie. Hajamrudishia funguo, wala hajamwambia asije. Orodha, anasema Komeo, haibadiliki.

Ana mpango mmoja. Ukumbi ukiwa mtupu, anaomba chaki kwa fundi wa projekta, anakwenda mbele, upande wa kulia wa skrini, na kuchora mstari kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake. Anachora wa pili. Anasimama katikati na binti yake, bega kwa bega, kupima kama watu wawili wanatosha. Anaufuta wa pili, anausogeza nje kidogo. Mwashi wa sokoni amemwambia kazi ya kuvunja hapo ni ya siku moja.

"Utafungukia wapi?" binti anauliza.

"Nje."

Mmiliki, anayekusanya mabenchi, anasimama kuutazama mchoro ule. Anaegemeza benchi ukutani, mbali kidogo na chaki, na kwenda kuchukua lingine.