Umefunga, Wifi?

Mwalimu wangu wa magonjwa ya wanawake, kule Mbale, alikuwa daktari mstaafu wa jeshi, mama kutoka Kaskazini, na sisi wanafunzi tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Wenzangu wengi kiliwatia hofu, maana makwao Kiswahili ni lugha ya wenye bunduki. Mimi nimezaliwa Mafubira, Jinja, katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu, kwa hiyo sikukiogopa. Niliona tu kinanuka buti. Leo kila Ramadhani ikiingia namwombea mama yule maisha marefu, na ninamwombea kwa moyo wangu wote.

Alikuwa na somo moja alilolirudia mpaka likatutoka puani. "Mwanamke naanguka," angesema akizunguka wodini. "Umri yake bado ya kuzaa. Wewe nafikiria nini?" Malaria, tungejibu. Njaa. Presha. "Mimba!" angefoka. "Mimba nje ya nyumba yake! Pima hiyo kwanza, halafu leta malaria yako." Alimaanisha kwamba mimba huweza kutunga kwenye mrija badala ya mji wa mimba, mrija ukapasuka, na mwanamke akavuja damu tumboni huku nje huoni kitu cha kukushtua.

Kilichotuudhi zaidi ni desturi yake ya kufukuza watu. Kabla hajamuuliza mgonjwa neno, aliondoa kila mtu kitandani: mume, mama mkwe, hata shehe aliyekuja kusoma dua. "Toka nje. Mbele yenu yeye nadanganya, na uongo naua." Mimi niliuona ni ubabe mtupu.

Ramadhani moja nilikuwa likizo nyumbani. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa jikoni akikunja sambusa za futari, mara tukasikia sufuria zinaanguka na yeye yuko chini. Tukambeba hadi chumbani kwa mama. Mama akampepea na kutoa hukumu. "Swaumu hiyo, na jua la leo. Mwacheni alale. Magharibi akifuturu atapata nguvu." Majirani waliokuja kuchungulia wakaitikia kwa vichwa. Kwetu mwezi ule hata jino likiuma husingiziwa mfungo.

Nilimshika mkono. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia, viganja vimepauka, na alikuwa amejikunja akilinda upande mmoja wa tumbo. Nikajua la kufanya, na sikulipenda hata kidogo.

"Mama, naomba mtupishe."

"Nitoke chumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama. Nyote."

Kumtoa mama mzazi chumbani kwake, tena mwezi mtukufu! Alinikata jicho, akatoka akilalamika kwamba huko Mbale wamemharibia mtoto. Nikafunga mlango.

Katika nyumba kama zetu, mwanamke aliye katika siku zake hafungi. Dini yenyewe imemkataza. Lakini hilo halisemwi. Atakula kwa kujificha, kisha jioni ataketi kwenye futari na kupokea tende kama wenzake, ili baba mkwe na mashemeji wasijue. Ndiyo maana hakuna anayemuuliza mwanamke kama amefunga. Ukimuuliza hivyo, umemuuliza habari za damu yake.

"Wifi, umefunga?"

Akatazama mlango kwanza. "Sijafunga," akanong'ona. "Niko kwenye siku zangu. Nimekula muhogo asubuhi, stoo. Usimwambie mama."

"Zilikuja kwa wakati wake?"

"Zilichelewa sana. Halafu zikaja kidogo tu, nyeusi. Na bega hili linaniuma, nadhani nimelilalia vibaya."

Hakuwa amelilalia vibaya. Damu ikijaa tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake mtu huyasikia begani. Na aliyekula muhogo asubuhi hazimii kwa swaumu. Nikafungua mlango nikapiga kelele kaka alete gari la duka, sasa hivi, hatungoji magharibi wala nini.

Hospitalini walipima mkojo, mimba ikaonekana, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Daktari aliyempasua alinieleza baadaye kwamba tumbo lilikuwa limejaa damu, na adhana ya magharibi asingeisikia. Aliongezewa damu ya watu tusiowajua kwa sura wala kwa jina. Mungu awazidishie kheri, popote walipo. Mrija mmoja ukatolewa, wa pili ukabaki mzima.

Sasa ninafundisha Mbale, na wanafunzi wangu nao wanaudhika ninapofukuza watu wodini. Waudhike tu. Wengine hunitolea methali, "Mficha uchi hazai," wakimlaumu mgonjwa. Mimi huwauliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

Kwa mama yangu hilo sikuthubutu kulisema, na haikuhitajika. Siku wifi aliporuhusiwa kula, mama aliingia wodini saa saba mchana na chupa ya uji. Baba alikuwa ameketi pale, na kaka, na majirani wa Mafubira wenye midomo mikavu ya mfungo. Wifi akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mama, tungoje jioni," akasema, macho yakiwa kwa baba.

Mama akamimina uji, akaupoza kwa pumzi yake, akampelekea kijiko mdomoni mbele ya wote.

"Kula," alisema. "Mimi nami nilijificha hivyohivyo tangu nilipoolewa, na nilijua kwamba wewe unajificha. Nilijua, mwanangu, na nilikuwa nangoja magharibi."