Mume Wangu Alilia kwa Jicho Moja

Kwa miaka miwili mume wangu alilia kwenye sala. Kwa jicho moja tu, la kushoto.

La kulia lilikuwa kavu kama mbao zake.

Sikushtuka. Nilijivuna.

Alikuwa seremala. Kila asubuhi tulisali wawili kabla hajafungua karakana, na lile chozi likawa linashuka lenyewe mpaka kwenye ndevu. Nikawasimulia wanawake wenzangu wa ibada.

"Dada, wa kwetu wanasinzia," mmoja akasema. "Tukodishie huyo wako."

Tukacheka.

Pua ya upande uleule nayo ikaziba. Mara nyingine ilitoa damu.

"Vumbi la mbao hilo, mke wangu. Miaka ishirini nalivuta, lisinizibe?"

Siku moja akajigonga nyundo kidoleni.

"Nimeona misumari miwili," akasema. "Nikapiga ule ambao haupo."

Nikamtazama vizuri. Jicho la kushoto lilikuwa limesogea mbele, kama vile kuna kitu nyuma yake kinalisukuma.

Kilikuwepo.

Daktari alinieleza taratibu. Saratani. Uvimbe ulianzia ndani ya pua, kwa vumbi la mbao la miaka mingi, ukala mfupa, ukaingia kwenye tundu la jicho.

"Machozi yalianza lini?"

"Miaka miwili."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hakuwa analia. Njia ya machozi kushukia puani iliziba."

Walilitoa jicho. Walikuwa wamechelewa. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyechelewa.

Siku ya maziko, mdogo wake, waliyeranda naye mbao miaka yote, alisimama ng'ambo ya kaburi akitazamana nami. Machozi yalimtiririka.

Jicho la kulia tu.

Kesho yake nikamfuata. "Shemeji, twende hospitali."

"Kwani mtu hawezi kumlilia kaka yake?"

"Kwa jicho moja?"

Akajipangusa macho yote mawili. Akatazama vidole vyake. Vya mkono mmoja tu vimelowa. Akaenda kuchukua shati.

Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo, ndani ya pua. Wakauondoa. Macho yake yote mawili yapo, na siku hizi haranda bila barakoa.

Ndugu unayesoma, pua ikiziba upande mmoja wiki kwa wiki, na jicho la upande huo likitoa machozi, usingoje. Nenda ukapimwe.

Mimi bado nasali. Ila siwezi tena kufumba macho, nabaki nakagua nyuso za watu.

Maana kuna jambo sikumwambia daktari, wala shemeji. Kila asubuhi nilipoliona lile chozi, niliomba kimoyomoyo: Mungu, mzidishie.