Meza Chini ya Tangi

Kaka yangu ni Bwana Toboa, fundi matangi, mtoto wa mziba masufuria, mjukuu wa bibi aliyekunja ndoo za bati kwa magoti yake. Ndiye aliyekomesha kuvuja kwa tangi la shule, la hospitali na la kiwanda cha sabuni. Nayaandika haya mimi mdogo wake. Niliishia darasa la saba, lakini sisahau kitu.

Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha kufulia nguo alikoajiriwa. Tangi lao la bati jembamba lilipata ufa wa wima, urefu wa kidole. Kila siku tangi lilijazwa na kumwagwa, na kila siku ufa ulijivuta kidogo. Kaka akatoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa, ili kisha atie bolti na mpira.

Meneja akamkuta na keekee ya kutobolea mkononi.

"Fundi, nimekuambia uzibe. Wewe unaongeza?"

"Bosi, ufa unatembea kwa ncha yake. Ncha nikiifanya duara, inakosa makali."

"Kwa hiyo mimi jino likiniuma, nikatobolewe na mengine mawili?"

Wafuaji wakacheka mpaka wakakalia mabeseni. Kaka akafukuzwa bolti zikiwa mfukoni, na mtaani hakuna aliyempa kazi tena, waliogopa atawatobolea.

Mimi nilimwelewa. Nimeshona nguo miaka arobaini: tundu la kifungo usipolikaza ncha, shati litachanika hadi kwapani. Hata hivyo nilimshauri ahamie useremala.

Akaletwa fundi mwingine. Akachomelea ufa wote, matundu na yote, akasugua, akapaka rangi ya buluu. Meneja akafurahi mno, akahamishia meza yake kivulini mwa tangi.

Kaka akaenda hadi getini. "Bosi, hamisha meza."

"Wivu huo, Bwana Toboa."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, bati likapasuka kuanzia pale uchomeleaji ulipoishia hadi chini kabisa, maji yakasomba vyote. Kiti kilifika getini kwanza, meneja akafuata, na shuka moja shingoni.

Alikuja kwetu akiwa bado anachuruzika. Nilimwambia kaka asiende. Nilikosea, na kukosea si kawaida yangu.

Kaka alikata sehemu mbovu, akaweka kiraka cha pembe za duara. Upande wa pili akakuta ufa mwingine, mwembamba kama unywele. Akautoboa ncha zote mbili, akatia bolti na mpira, akachora mstari wa chaki mbele ya kila tundu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha akamkabidhi meneja kipande cha chaki.

"Kila asubuhi utapanda ngazi wewe mwenyewe, uangalie; mstari ukifutika, uchore tena. Ufa ukivuka chaki, funga maji kwanza, ndipo uniite."

"Sawa, fundi. Na meza niihamishe?"

"Iache hapo hapo. Ndiyo itakayokukumbusha kupanda."