Kiingereza cha Kuuzia Vikapu

Nilifunga safari kwa sababu ya meza. Shangazi yangu Felista, ambaye sisi wa Lumakanda humwita Senge kama yalivyo mazoea ya kwetu, husuka vikapu vya mkonge huko Mayoni, katikati ya mashamba ya miwa. Kwa muda mrefu vikapu hivyo vimewafikia wageni wanaozuru msitu wa Kakamega kupitia kinywa cha mtu mwingine. Dalali mmoja, Bwana Opati, ndiye aliyekuwa akisimama mezani na kuzungumza Kiingereza na wageni, huku Senge amekaa nyuma yake kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Bei aliyoitaja Opati aliijua mwenyewe; Senge alijua tu alichotiliwa mkononi jioni. Sasa msimamizi wa soko dogo la msituni alikuwa ametangaza kwamba meza zitagawiwa mafundi wenyewe, mradi fundi aweze kumjibu mgeni bila kusemewa. Angepita kuwasikiliza Jumamosi. Senge alinipigia simu Jumatano.

"Mwalimu," akaniambia, "si wewe ulisomea hii maneno chuoni? Kuja unifundishe. Si Kiingereza yote. Ile ya sokoni tu."

Nilikuwa nimehitimu ualimu, nikingojea ajira, na niliamini, kama ninavyoamini bado, kwamba elimu isiyomfikia mtu pale anapobanwa ni pambo la ukutani. Nikakubali. Lakini niliweka nadhiri moja moyoni: Jumamosi itakapofika, sitamsemea Senge neno hata moja. Nikimsemea, nitakuwa nimembadilishia dalali tu.

Alhamisi asubuhi niliondoka Lumakanda umande ukiwa bado kwenye mahindi. Njiani nilikuwa nikipanga somo langu kichwani: salamu kwanza, kisha bei, kisha namna ya kupunguza bei, kisha kuagana. Lilikuwa somo safi, lenye hatua, kama tulivyofundishwa kulipanga.

Malava, gari liliposimama, somo langu lilipata mtikisiko wa kwanza. Wachuuzi walisogea madirishani na mapera, ndizi mbivu na maparachichi. Kijana mmoja aliinua beseni lake hadi usawa wa uso wangu.

"Madam, nipromoti!"

"Nikupromoti vipi?"

"Kwani wewe umetoka wapi? Ununue! Ukininunulia hizi avokado, mimi pia nitaonekana mtu."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza cha makusudi, kama hiyo ndiyo "last price" yake, yaani bei ya mwisho ambayo haishuki tena. Alicheka hadi beseni likayumba.

"Last price iko mbinguni, madam. Hapa tunaongeanga tu."

Nilinunua maparachichi, na gari lilipoondoka nilibaki nikitafakari. Nilikuwa nimejiona kama mtu anayekwenda kupanda mbegu katika shamba tupu. Kumbe maneno ya Kiingereza ya soko yalikwisha kuota kando ya barabara, yakavaa tabia za wenyeji. "Last price" ya vitabuni hufunga mlango. Ya Malava ilikuwa kama kiti anachovutiwa mgeni ili aketi.

Kakamega mjini nilibadilisha gari na kushika njia ya Mumias. Miwa ilitusindikiza pande zote mbili, na mara kwa mara trekta lililobeba miwa lilitulazimisha kwenda mwendo wa pole. Sikuudhika. Mwendo ule ulinipa nafasi ya kufuta hatua kadhaa za somo langu.

Mayoni nilifika alasiri. Senge alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, kikapu kikubwa chenye kifuniko kikiwa mapajani. Ukingo wa kifuniko ulikuwa umebaki kidogo tu kukamilika.

"Mulembe, Senge."

"Mulembe, mwanangu. Umekonda. Huko chuo hawakukupea chakula?" Alipotaka kuinuka nilimzuia, nikamwambia tuanze somo mara moja. Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Uanze na njaa? Kwanza obusuma. Kuna ingokho ilikuwa inakungoja tangu jana, na sasa yenyewe haingoji tena."

Tulikula ugali na kuku yule, na siku hiyo hatukutaja Kiingereza.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kazi. Jirani yake Mama Zainabu, anayeuza mandazi sokoni Mayoni, alibisha hodi kwa "Asalaam aleikum", akajitolea kuwa mgeni wa kizungu. Alivaa miwani ya jua ya mwanawe, akaweka mkono kiunoni, akapita mbele ya vikapu akivitazama kwa pua.

Nilimfundisha aseme "I am just looking", maneno ambayo mnunuzi wa Kiingereza huyasema akitaka aachwe atazame bila kusumbuliwa.

"Kama anatazama tu, mbona amesimama kwa meza yangu?" Senge aliuliza.

"Ndiyo desturi yao. Ukimfuata na maneno, atakimbia. Mwache, kisha umkaribishe kwa utulivu."

"Mtu apite kwangu nisimsalimie? Hiyo nitashindwa."

Tukakubaliana kwamba atamsalimia, kisha atahesabu pumzi zake mwenyewe kabla ya kusema lingine. Nikaingia katika maneno mengine: "It is a bit expensive." Nilieleza kwamba maana ya juu ni kuwa bei imezidi kidogo, lakini mgeni akisema hivyo kwa kawaida humaanisha imezidi sana, ila hataki kumuumiza muuzaji.

"Alaa," Mama Zainabu akasema akiivua miwani. "Kwa hivyo hata wao wakonga na aibu."

"Wakona aibu, na bado wanataka nipunguze," Senge akajibu.

Nikaja kwenye neno "bargain". Nilisema kwamba mtu akipata kitu kizuri kwa bei ya chini, hukionyesha nyumbani kwake kwa fahari na kusema amepata "a bargain". Senge alisimamisha sindano yake.

"Hiyo ni furaha ya mnunuzi. Na aliyeuza vizuri, yeye anasema amepata nini?"

Nikapitia kichwani orodha yote niliyoileta, nikaona jambo ambalo chuoni hakuna aliyelitaja: karibu kila sentensi ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye pesa mkononi. Namna ya kuulizia bei, namna ya kulalamikia bei, namna ya kushusha bei. Mtu aliyeketi upande wa pili wa meza hakuwa ameandaliwa chochote isipokuwa kujibu. Basi niliiacha orodha. Tulishinda mchana huo tukitengeneza sentensi za upande wake. "I made it myself", nimekitengeneza mwenyewe. "It took me a long time", kimenichukua muda mrefu. "It is worth it", thamani yake inastahili bei hiyo. Alizirudia akisuka, na kila alipovuta uzi wa mkonge alivuta na neno. Ulimi wake ulizichukua sentensi zile kwa lafudhi ya Mayoni, nami sikuona sababu ya kuirekebisha.

Jumamosi asubuhi tulifika ukingoni mwa msitu mbega wakirukaruka juu ya miti. Meza zilipangwa chini ya banda refu. Senge alitandaza kitambaa, akaweka vikapu vidogo vya mayai mbele na kile kikubwa chenye kifuniko katikati. Bwana Opati alikuwepo pia, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akizunguka kati ya meza kama mtu asiye na haraka. Alinisalimu kwa heshima.

"Mwalimu, wewe ndiye umekuja kunifuta kazi?"

"Nimekuja kumtembelea shangazi yangu."

"Sawa. Akikwama, niko hapa."

Nilikaa nyuma ya meza, mahali pale pale Senge alipozoea kukaa. Msimamizi alikwisha kuanza kupita upande wa mbali wa banda.

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mrefu mwenye darubini shingoni, mmoja wa wale wanaokuja kutazama ndege. Alisema anatazama tu. Senge alimsalimia, kisha akanyamaza, na niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Mzee aliinua kikapu kikubwa, akakifunua, akakifunika, akauliza bei. Senge aliitaja vizuri. Mzee akasema ni ghali kidogo, kisha kwa upole mwingi akataja nusu yake.

Nilingoja sentensi zetu. Hazikuja. Senge alikuwa amekitazama kikapu, na hapo nikaelewa kitu ambacho hatukukigusa katika somo letu lote, ingawa nimelelewa nacho. Kwetu, mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akiondoka mikono mitupu, wengi wa akina mama wetu huamini kwamba biashara ya siku nzima imefungwa. Nimewaona Lumakanda wakiuza mboga kwa hasara asubuhi, kwa moyo mweupe, ili tu wafunguliwe. Mgeni yule hakujua, lakini alikuwa amekuja katika saa ambayo Senge hakujua kusema hapana.

Opati alijua. Alisogea akamwinamia sikioni. "Mama, huyu ni wa kwanza, na anaenda. Wacha nikusaidie."

Msimamizi alikuwa amefika meza ya jirani. Nilikuwa na Kiingereza chote kilichohitajika kinywani mwangu, na kwa mara ya kwanza niliiona nadhiri yangu kuwa ukatili. Nusu ya bei ingekuwa hasara. Kusemewa kungekuwa hasara kubwa zaidi. Nilishika ukingo wa kigoda changu kwa mikono miwili, nikanyamaza.

Senge alikichukua kikapu kikubwa kutoka mikononi mwa mzee, taratibu, bila kumpokonya. Akakirudisha mahali pake. Kisha akainua kikapu kidogo cha mayai.

"My friend," akasema. "That one, no. It took me a long time. But you are my first. First customer cannot go with nothing. Take this small one, for small money, and you open for me the day."

Alimwambia, kwa maneno aliyoyatunga papo hapo kutokana na Kiingereza alichokisikia miaka yote nyuma ya Opati, kwamba kile kikubwa hakishuki, lakini kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza, achukue kidogo kwa bei ndogo amfungulie siku. Mzee alimtazama, akauliza itakuwaje wa kwanza akienda bila kitu. Senge akajibu bila kusita kwamba basi yeye na kikapu watakaa hapo hadi jioni: "Then we are both sitting here until evening, me and the basket."

Mzee alicheka kicheko cha mtu aliyekaribishwa ndani. Alilipa, akaondoka na kikapu cha mayai mkononi kama ua. Kile kikubwa hakukinunua, wala hakuna mwingine aliyekinunua siku hiyo, ingawa vidogo viliisha.

Msimamizi alikuwa amesimama karibu kwa muda. Akauliza kwa Kiingereza ni nani anayezungumza katika meza hii. Opati alifungua mdomo kwa mazoea ya miaka mingi.

"It is me who is speaking," Senge akasema.

Msimamizi akaitikia kwa kichwa, akamwambia meza ni yake, akaenda kwenye meza nyingine.

Opati alitabasamu kwa shida. "Sasa Mama, mimi nitauza nini?"

"Kuja Mayoni nikufundishe kusuka," akamjibu. "Vidole uko nazo."

Jumatatu nilianza safari ya kurudi, na Senge akaamua kunisindikiza hadi Kakamega mjini. Huko alinisimamisha mbele ya duka kubwa la viatu lenye vioo. Alisema amepita mbele yake kila anapokuja mjini, lakini hajawahi kuingia, kwa sababu ndani kila mtu anaongea kama ofisini na yeye huogopa kwamba akishaingia atalazimika kununua.

"Umenifundisha ya kuuza," akasema. "Nipe ya kununua. Mbili tu."

Nilimpa mbili pale mlangoni. Tulipoingia, binti wa dukani alimkaribisha kwa Kiswahili kizuri, "Karibu mama, tukusaidie?" Senge alisimama wima, akaonyesha viatu vyeusi vya ngozi, akasema: "Can I try these on?"

"Bila shaka mama, keti hapa."

"Can I try also those ones?"

"Senge," nikamnong'oneza, "anaongea Kiswahili."

"Najua. Wacha nitumie yangu kabla haijapoa."

Alijaribu jozi moja baada ya nyingine, akitembea nazo mbele ya kioo, akijitazama kwa umakini ule ule anaoutumia kukagua ukingo wa kikapu. Binti yule alipiga magoti, akafungua na kufunga maboksi, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Mwishoni Senge alivaa viatu vyake vya plastiki, akampa binti mkono, akatamka sentensi ya pili: "Not today, thank you." Leo hapana, asante. Akatoka bila kununua, na sikuwahi kumwona akitembea vile.

Nimerudi Lumakanda sasa, na jioni baada ya kazi za shambani huwafundisha majirani wachache Kiingereza cha sokoni. Nilipoondoka nilidhani mtu huanza kwa kujifunza kuulizia bei. Siku hizi "how much" huingoja wiki ya pili. Wiki ya kwanza tunakaa, tunasimama, tunatazamana machoni, na kila mmoja anajifunza kusema hapana kwa sauti tulivu, hadi isimtetemeshe tena.