Nilimuchekesha Mufu Mbele ya Mama Yake

Ninyi vijana mutakaosoma hii, musome polepole. Sina masomo, niliishia darasa ya nne primaire kule Bukavu, na sijazoea kubembeleza watoto. Nimekosa. Nimekosa mubaya sana, na hakuna mutu alinisukuma.

Jina langu sitasema. Wenye kunijua watanijua, bon, na wanijue.

Hapa Bruxelles nimefanya ménage, kufagia na kupangusa mu maofisi upande wa Porte de Namur mupaka magoti yakakataa. Miaka yote hiyo nilikuwa mutu wa kugombeza. Wajukuu wakikula na simu mukononi, ninawanyanganya. Mabinti wakijipiga picha kanisani, ninawatoa inje. Nilikuwa ninasema simu ni ya kuuliza mutu kama amefika, basi.

Halafu mujukuu wangu Grâce akaniletea simu mupya ya fête des mères, sikukuu ya wamama, kubwa, kioo mupaka pembeni. Akanifundisha statut: kitu unachoweka pale, wote wenye namba yako wanakiona. Nikaweka picha ya pondu yangu, mboga ya majani ya muhogo. Nikaweka kitenge changu cha Pasaka. Nilipoenda kusuka nywele mu Galerie d'Ixelles, wamama wa saluni walinitania: "Maman, sisi tunasuka, wewe unatangaza." Nilijifanya nimekasirika, lakini ndani nilivimba kama mukate.

Kisha ikaingia hii mode, mutindo mupya wa picha zenye kutembea. Unachukua picha ya mutu, ile programme inamufanya anageuza kichwa, anacheka, anainua mukono. Watu walikuwa wanafanya hivyo na wafu wao. Unaona babu wa mutu, amekufa zamani, anakuchekea, nyuma yake mawingu na mwangaza. Mara ya kwanza nilisema ni uchawi. Mara ya pili nililia. Kisha nikamuomba Grâce anifundishe, nikafanya ya marehemu bwana wangu, na watu wakanisifu sana.

Sasa musikie.

Mudogo wangu wa tumbo moja yuko Bukavu. Mutoto wake, tumuite Héritier, nimemulea mimi hapa. Alifika kijana, akalala kwenye kanapé yangu ya sebuleni, akapata kazi ya kuhudumia wazee, akawa ananiita mama. Halafu figo zikamushika. Akakaa hôpital muda murefu. Akiwa pale kitandani alimutumia mama yake simu ya kuonana uso, juu amuone kila siku asiwe na wasiwasi. Mama yake hajui kusoma. Walimufundisha kubonyeza sura ya mutu anayemutafuta, basi. Na kila siku Héritier alimuambia anaendelea vizuri. Sisi wote tulimuambia hivyo.

Asubuhi moja hôpital wakaniita. Héritier amekwenda.

Kwetu, mama haambiwi kifo cha mutoto wake kwa simu. Watu wanatumwa kwanza. Wamama wa kanisa wanafika kwake kama wenye kupita tu kusalimia. Mumoja anazima moto jikoni, mwengine anaondoa kisu, wengine wanamuketisha chini na kukaa karibu yake kila upande. Ndipo mukubwa anafungua kinywa. Akianguka, anaanguka mu mikono ya watu.

Tonton Faustin, ule mukubwa wa familia yetu hapa, alitukusanya kwangu. Alisema muchungaji wa Bukavu ameisha kuambiwa, wamama wanajipanga, lakini mvua inanyesha na njia ni mbaya, watafika mangaribi, jua likizama. Mupaka hapo hakuna mutu anasema kitu, hakuna mutu anaweka kitu. Akageuka kwangu. "Maman, hata wewe." Watu wakacheka kidogo mu kilio. Nikamujibu kwamba mimi si mutoto.

Nikaingia chumbani kutafuta picha ya Héritier ya kuweka mezani. Nikapata ile ya ubatizo wake, amevaa shati nyeupe. Halafu nikawaza: kesho wote watamuweka mu statut. Rafiki zake, watu wa kanisa, hata wenye hawakumupelekea supu. Mimi niliyemuosha, ndiyo nitakuwa wa mwisho?

Nikaitia ile picha mu programme, nikabonyeza. Héritier akainua kichwa, akacheka, mwangaza nyuma yake. Chini nikaandika: Pumzika kwa amani, mwana wangu. Ndiyo, niliandika mwana wangu, nikaiweka statut.

Musiseme nilimusahau mudogo wangu. Nilimuwaza. Nilisema, yule hajui kusoma, hajui statut ni nini, ataona wapi? Mimi wa ya nne primaire, nilimudharau mudogo wangu juu ya kusoma!

Ile mioyo myekundu ya simu ikaanza kuingia. Courage maman. Vidéo nzuri sana. Na mimi, Mungu anihurumie, nilifurahi. Mwili wa mutoto haujapoa, mimi ninaangalia nani ameangalia.

Yaliyopita Bukavu niliyasikia kwa wamama wa kanisa. Tangu asubuhi mudogo wangu alikuwa anaita Héritier, haitiki. Donc akatafuta sura yangu aniite mimi. Akabonyeza, statut ikafunguka. Akamuona mutoto wake amesimama, shati nyeupe, hana mipira puani, anamuchekea. Maneno ya chini hakuyajua.

Alitoka mu mvua na ile simu, anapiga vigelegele. Akapita mulango kwa mulango akisema mumuone, amepona, amesimama. Majirani wakatoka. Wengine wakaanza kuimba naye.

Mama mumoja mwenye kuuza makala pale njiani akaomba simu naye aone. Huyo alijua kusoma. Hakupiga kelele. Alimurudishia simu, akamushika mukono.

"Mama Héritier, njoo tuketi."

"Niketi kwa nini? Leo ninacheza."

Akacheza. Pale njiani, mu mvua, mudogo wangu akacheza. Alipoona yule mwenzake analia ndipo alijua. Akaanguka mu matope. Wamama waliotumwa kumushika walimukuta chini.

Tonton Faustin hakunigombeza. Alichukua kofia yake mezani, akasema, "Maman, tulikuomba kitu kimoja." Akatoka. Ningependa anipige kofi.

Visa ya kuja kuzika, mudogo wangu hakupata. Siku ya mazishi watoto walitaka kumuonyesha kila kitu moja kwa moja. Akakataa. Akasema simu imeisha kumuonyesha vya kutosha. Kwa hiyo mutoto wake aliingia mu udongo wa hapa bila yeye kuona hata jeneza. Hiyo pia ni mimi nilimunyanganya.

Aliniita mara moja tu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mutu anayeuliza njia.

"Yaya, dada yangu, ulimuchekesha mutoto wangu akiwa amekufa. Na mimi nikacheza. Watu wote waliniona ninacheza."

Akakata. Tangu hapo ninaita, simu inalia mupaka inachoka. Wanasema hatoki tena nyumbani. Kule sokoni wenye roho mbaya wamemupa jina, ule mama aliyecheza. Tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote, na jina hilo nimemupa mimi.

Ile vidéo niliifuta. Nilifikiri ukifuta, imekwisha. Lakini watu walikuwa wameisha kuichukua na kuitumiana. Juzi nilikuwa nimekaa saluni, mama mumoja nisiyemujua akaninyooshea simu yake. "Maman, angalia hii, ni mode ya sasa, inaliza kabisa." Ilikuwa Héritier. Akainua mukono, akacheka. Nilitoka pale na nywele nusu zimesukwa, nikapita Matonge yote, mutaa wetu wa Waafrika, kichwa wazi mu baridi, sikujali nani ananiona.

Vijana, munapenda kusema wazee hawajui simu. Mimi nilijua. Nilijua kuweka mawingu, nilijua kuweka mwangaza. Kungoja mupaka mangaribi tu ndiyo kulinishinda. Mutu wenu akikufa, muulize kwanza kama mama yake ameketi chini. Kama hamujui, toeni vidole mu simu. Na musiniambie watu wengine wameisha kuweka. Hao watajibu yao.

Jumapili baada ya kanisa niliita watoto na wajukuu wote. Niliweka beseni kavu mezani, ile ya kuoshea mboga, kwanza nikatia simu yangu mimi. Nikawaambia zote ziingie. Walifikiri ninacheza. Wakaniona uso, wakatia.

Nikasema: siku nitakapokufa, mutafanya hivi hivi. Hakuna picha, hakuna mushumaa, hakuna statut. Tonton Faustin peke yake atamuita muchungaji wa Bukavu. Watu waende kwa mama Héritier na miguu yao, wazime moto, wamuketishe chini, wamushike kila upande.

Grâce akauliza, "Koko, na kama hataki kusikia jina lako? Kama anawafungia mulango?"

Nikamuambia: wangoje inje mupaka afungue. Kabla ya hapo, kwenu ninyi, mimi sijakufa.