Nilimuharibia binti yangu violon ya Japon, nikaacha mwalimu aitwe mwizi

Admin, nakuomba ufiche jina langu na hata mutaa wangu, juu Baraka ni kadogo na bantu bananijua. Niko mwanaume wa miaka makumi tano na mbili, mufundi wa kujenga maboti, niko na bibi na batoto batano. Ukiona boti ya mbao inatoka Baraka inaenda Lweba na haiingizi maji, uliza nani aliijenga. Bantu banaheshimu hii mikono yangu. Na ni hii mikono yenye imeniletea haya.

Binti yangu wa tatu, nitamwita Riziki, iko na miaka kumi na sita. Anasoma kule Fizi, anakaa kwa shangazi yake, anashukaga nyumbani kila Jumamosi. Tangu miaka sita anajifunza kupiga violon, ile fidla ya Bazungu, ku kanisa. Mwalimu wake ni mukimbizi wa Burundi, anaishi mu kambi na bibi na batoto. Violon ya kwanza ya Riziki ilikuwa ya Kichina, kadogo, inalia sawa kuku mwenye amekanyagwa. Bandugu zake balikuwa banamucheka, banaziba masikio, yeye anaendelea tu.

Mwaka huu mwalimu akanambia: "Papa Riziki, mutoto amepanda. Hii violon sasa inamufunga mikono." Akatafuta, akapata moja kule Bujumbura. Ya zamani, ya Japon, ilikuwa ya sista mumoja muzee mwenye alikuwa anarudi kwao. Akanieleza kama Bajapani ba zamani balikuwa banachonga na mukono, mbao ya kweli, na kwa mutoto mwenye ameshaendelea, hiyo njo inamufaa. Juu kuna bantu ba shule ya muziki benye banakuja Uvira kuchagua batoto, na jina ya Riziki iko ku liste yabo. Niliuzisha boti yenye nilikuwa najijengea mi mwenyewe, hata ilikuwa haijaisha.

Mwalimu akaileta Jumatano. Bibi yangu alikuwa ameenda Lweba ku matanga ya ndugu yake. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa juu ya safari. Mwalimu akanambia: "Papa, usiiguse. Jumamosi nitaikaza mi mwenyewe mbele ya mutoto." Nikasema ndiyo.

Jamani, ningesikia tu ile neno!

Nilipoiinua kuitazama, nikasikia kitu kinacheza ndani, ko-ko-ko. Mufundi wa boti akisikia kitu kinacheza ndani, hawezi kulala. Nikachungulia mu tundu, nikaona kijiti. Nikasema huu ni uchafu wa safari. Nikapinda waya, nikakivuta, nikakitupa mu moto. Kisha nikataka Riziki aikute tayari, nikakaza nyuzi. Kumbe kile kijiti njo kilikuwa kinapashwa kusimama ndani kubeba ule ubao wa juu! Ubao ukazama, ukapasuka: kaaa!

Badala ya kukimbia kwa mwalimu, nikafanya kile najua. Ule ufa nikauziba na pamba na kole, ile gundi ya mbao, sawa vile tunazibaga boti. Kisha nikapaka verni ya boti mara mbili. Ikang'aa. Nikajiambia iko nzuri kupita vile ilikuja.

Jumamosi, mbele ya mwalimu na bibi yangu mwenye alikuwa amerudi, Riziki akaishika, akacheka mupaka machozi. Akapiga. Sauti ikatoka nzito, imekufa, sawa mutu mwenye anaongea na blanketi ku mudomo. Akajaribu tena na tena. Mwalimu akaichukua, akainusa, akatazama mikono yangu. Bibi yangu akapandisha sauti: "Mwalimu, umetuletea nini hii? Umebadilisha ile ya kweli ukaiuzisha wapi?" Mwalimu akanitazama. Bote bakanitazama.

Nikasema: "Ilikuja hivi hivi."

Mwalimu akamurudishia Riziki violon polepole. Kisha akasema: "Kama papa wa mutoto anasema ilikuja hivi, basi ilikuja hivi." Akavaa kofia, akaenda.

Sasa kanisa limemukataza kufundisha batoto. Ku soko banasema "si niliwaambia, hawa bakimbizi." Nilimufwata njiani, nikamwomba musamaha. Hakunitukana. Alinambia: "Nikisema mi, Riziki atakosa papa na mwalimu siku moja. Sema wewe. Lakini usikawie, Papa Riziki, juu na batoto yangu bameanza kuitwa batoto ba mwizi." Na siku ile ile akatuma violon yake mwenyewe, ile yenye alikimbia nayo kutoka Burundi, eti mutoto apige nayo kule Uvira.

Riziki aliposhuka, aliirudisha. Akasema yeye hagusi kitu cha mwizi, na Uvira haendi. Bibi yangu akamupigia makofi ya kumusifu. Admin, nilitoka inje, nikajifunga mu choo nikalia sawa mutoto mudogo.

Mutihani wa Uvira ni juma lijalo. Nikisema, labda atachukua ile violon ya mwalimu na kwenda, lakini hatanitazama tena. Nikinyamaza, anapoteza ile yote amefanyia kazi miaka sita, na mutu bila kosa anatukanwa juu yangu. Jumamosi yenye imepita, mbele ya kupanda pikipiki kurudi Fizi, alinikumbatia mbele ya bantu. Akanambia: "Papa, mu hii dunia ni wewe peke yako hujawahi kunidanganya."

Ndugu zangu, musiniandikie tu "sema ukweli." Ile najua. Kesho kutwa anashuka tena. Munisaidie kitu kimoja: nikisimama mbele yake, nianze na neno gani?